Vazi la kuogelea la wanaume: mwisho wa kuonyesha mwili mbele za watu uwe wapi?

Bwawa25 (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mada hii inapoletwa watu wanagawanyika kambi mbili. Moja inasema chupi ya kuogelea ni utupu, nyingine inasema acheni ushamba, na baada ya kurasa tatu hakuna aliyeondoka na chochote. Huu uzi naomba tuuweke kwenye kitambaa, mshono na mkao, maana fedheha hutokea huko.

Msimamo wangu: urefu wa vazi haukwambii linaonyesha kiasi gani. Liangalie likiwa limelowa, na mwenyewe akiwa amekaa, ameinama au anapanda ngazi ya bwawa. Bukta pana yenye mguu mfupi, mtu akijilaza kwenye kiti cha ukingoni na kukunja goti, inaacha mwanya na aliye mbele yake anaona hadi ndani. Chupi iliyoshika vizuri haina mwanya huo. Chupi inachora umbo, bukta iliyolegea inaonyesha chenyewe, na mimi naona la pili ni baya zaidi. Ajabu ni kwamba ndilo linalovumiliwa, kwa sababu tu vazi lina jina la bukta.

Tuelewane kwa majina kwanza. Nikisema chupi ni ile ya kuogelea, ambayo upande wake wa nyonga una upana wa sm 3 hadi 8 hivi. Boksa ni ya kubana yenye mguu mfupi uliokatwa mraba. Tait ni ya kubana inayoishia juu kidogo ya goti. Bukta ni pana, mara nyingi ina neti ndani. Kaptura ya ufukweni ni ile ndefu ya kitambaa kigumu isiyonyumbuka sana, aghalabu haina neti.

Jaribio la kufanya nyumbani kabla hujaenda kuogelea:

1. Lilowanishe vazi lote chini ya bomba, likamue kwa kulibana viganjani bila kulisokota, kisha livae.
2. Simama mbele ya kioo, taa kali iwe nyuma yako, halafu geuka taa iwe mbele.
3. Chuchumaa mara tano. Kiuno kikishuka zaidi ya vidole viwili, saizi ni kubwa au lastiki imechoka.
4. Weka mguu mmoja juu ya kiti, kisha kaa magoti yakiwa yameachana. Tazama mwanya wa paja.
5. Vua, nyoosha kitambaa kwenye kiganja na ukipige picha kwa mwanga wa simu. Ukiona mistari ya vidole, watu nao wataona kilichomo.

Namba 5 ndiyo inayoangusha mavazi mengi kuliko zote.

---

SindanoNaUzi

Mkuu umeanza pazuri, ngoja nikazie upande wa kitambaa.

Kitambaa kikavu hakipenyezi macho kwa sababu kati ya nyuzi kuna hewa, na mwanga ukigonga nyuzi na hewa kwa zamu hutawanyika. Kikilowa, maji yanachukua nafasi ya hewa. Maji yanaupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia kile cha nailoni, kwa hiyo mwanga hautawanyiki tena kama mwanzo, unapita moja kwa moja hadi kwenye ngozi na kurudi. Ndiyo maana nyeupe iliyoonekana nzito dukani inageuka kioo majini. Njano mpauko, krimu, waridi na buluu ya anga zina tabia hiyo hiyo. Kijivu chepesi kina balaa la aina nyingine: hakipenyezi sana, ila kila kivuli cha umbo kinajichora. Nyeusi, buluu iliyoiva, kijani kizito na michoro iliyosongamana ndizo salama, na michoro inasaidia zaidi kwa sababu jicho linakosa mstari wa kufuata.

Cha pili ni uzito. Kitambaa cha kuogelea cha kubana kikiwa na gramu 180 hadi 220 kwa mita ya mraba kinatosha kwa rangi nzito. Chini ya 160 kinataka bitana hata kikiwa cheusi. Sokoni hupati namba hiyo, basi tumia mkono: kikunje mara moja na ukivute. Kama ukikivuta nusu zaidi ya urefu wake unaona vinyweleo vya mkono wako, kiache hapo.

Cha tatu, bitana. Vazi zuri lina bitana mbele yote, kutoka mkanda hadi msambani. Ya bei nafuu huwekwa kipande kidogo katikati, na pindo la kipande hicho linachora mstari pale pale unapotaka watu wasitazame. Nyuma kwa kawaida hakuna bitana kabisa, kwa hiyo nyeupe yenye "bitana" bado inaweza kukuaibisha ukigeuka.

---

Mkia_wa_Pweza

Kwa hiyo mnasema tuvae tait wote kama waogeleaji wa mashindano? Wale ndio wanaojua kuogelea, na wao wamefunika paja lote.

---

Mzunguko_Huru

@Mkia_wa_Pweza hapana, wale hawajafunika kwa ajili ya staha. Kanuni ndiyo iliyowafikisha hapo.

Mwaka 2008 na 2009 waogeleaji walivaa suti za mwili mzima, nyingine za poliyurethani (aina ya plastiki), ambazo zilibana mwili, zilinasa hewa na kupunguza msuguano. Kwenye mashindano ya dunia ya Roma mwaka 2009 zilivunjwa rekodi za dunia 43. FINA, shirikisho la kuogelea la dunia ambalo sasa linaitwa World Aquatics, ikafunga mlango: tangu tarehe 1 Januari 2010 suti ya mwanaume bwawani haipandi juu ya kitovu wala haishuki chini ya goti, iwe ya kitambaa kilichofumwa, na isiwe na zipu. Waogeleaji wakachukua eneo lote waliloruhusiwa, ndiyo tait unayoiona.

Lakini linalotuhusu sisi limo humo humo kwenye kanuni: vazi lisipenyeze macho, na liwe la staha linaloufaa mchezo wenyewe. Warukaji wa mashindano, wale wa kutoka jukwaani, wanaruhusiwa chupi ndogo kabisa na hakuna anayewafukuza, kwa sababu kitambaa chao ni kizito na hakihami. Wachezaji wa polo ya majini nao huvaa chupi, tena nene, kwa sababu mpinzani anaivuta chini ya maji. Kanuni yao inataka vazi lisilopenyeza au lenye nguo nyingine ya ndani. Kwa hiyo hata wenye mamlaka ya mchezo, sentimita za paja hawajazifanya ndiyo mstari wa staha. Wamesema lisipenyeze.

Nyongeza: tait za mashindano ni nyembamba sana na nyingi hazina bitana nzito. Ukiinunua kwa sababu ni ndefu, uivae kwenye bwawa la familia, utakuwa umejificha paja na kuonyesha mengine yote. Chukua ya mazoezi, ile ya polyesta nzito, iliyoandikwa PBT kwenye lebo.

---

Kigoda

Yaani mtu kaja na tait ndefu akidhani kajisitiri. Nimecheka sana.

---

Zamu_ya_Mwokoaji

Naomba niongeze upande wa bwawa, maana watu hudhani masharti ya mavazi ni mambo ya maadili tu. Mengi ni mambo ya maji.

Chupi au boksa ya pamba chini ya bukta: karibu kila bwawa linakataza, na sababu ipo. Pamba inafyonza maji na inaingia na jasho, sabuni ya kufulia na uchafu wa siku nzima. Klorini inaanza kupambana na hivyo vyote. Ikiungana na jasho na mkojo inazaa kloramini, na hiyo ndiyo inayowasha macho na kutoa ile harufu kali ambayo watu husema "leo wamezidisha klorini". Mara nyingi klorini inayofanya kazi imepungua. Bwawa linatakiwa libaki na miligramu 1 hadi 3 za klorini huru kwa lita, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 7.2 na 7.8. Watu wengi wakiingia na nguo za mtaani, kiasi hicho kinashuka haraka. Nyuzi za pamba nazo zinachanika na kuziba vichujio.

Ndiyo maana mabwawa mengi ya umma Ufaransa yanakataza kaptura pana na kutaka vazi la kubana. Hoja yao ni kwamba kaptura pana unaweza kuwa umeshinda nayo barabarani, umekalia basi na benchi, kisha ukaruka nayo majini. Chupi ya kuogelea huwezi kutembea nayo mjini. Msafiri aliyezoea kuona chupi ndiyo kosa anashangaa kuambiwa kaptura ndiyo kosa. Soma ubao wa masharti kabla ya kulipa, si baada.

Mtelezo wa maji: zipu, vifungo vya chuma na vishikizo vya mfuko havitakiwi. Vinakwaruza uso wa mtelezo, na mkwaruzo huo unamchana anayefuata. Kaptura ya ufukweni yenye zipu ni nzuri kwa picha, hapo haifai.

Na ukitaka kuruka kutoka juu, kumbuka hesabu hii. Jukwaa la mita 10 linakufikisha majini kwa mwendo wa karibu mita 14 kwa sekunde, yaani kilomita 50 kwa saa. Ukiingia kwa kichwa, bukta yenye lastiki pekee, bila kamba, inaweza kushuka hadi kwenye magoti. Hata ukiruka tu kutoka ukingoni kwa kichwa, maji yanasukuma mkanda kuelekea miguuni. Wengi wa wanaobaki uchi bwawani wamevaa mavazi marefu, si mafupi.

---

Bwawa25

@Zamu_ya_Mwokoaji umemaliza. Hebu waeleze na namna ya kufunga kamba, maana wengi wanafunga kama viatu.

---

Zamu_ya_Mwokoaji

Fundo la viatu linafunguka kwa sababu kamba ya nailoni ikilowa inateleza. Fanya hivi: vuta kamba vazi likiwa mahali pake juu ya mfupa wa nyonga, zungusha mara mbili badala ya mara moja kwenye fundo la kwanza, kisha weka vitanzi viwili na uvifunge tena kimoja juu ya kingine. Ncha zote ingiza ndani. Kamba inayoning'inia nje inavutwa na mkono wa mwenzako mkicheza, au inanasa kwenye ngazi.

Kamba iliyochomoka na kupotelea ndani ya mkanda hairudishwi kwa vidole. Ichomoe yote, ifunge na pini ya usalama kwenye ncha moja, pitisha pini kwenye mkanda ukiikunja kama kiwavi hadi itokee upande wa pili. Ukishamaliza, shona mishono mitatu minne katikati ya mgongo kushika kamba na mkanda pamoja. Haitachomoka tena.

---

Moderator

Picha mbili za watu waliopigwa bila wao kujua zimeondolewa na waliozituma wamefungiwa. Jadilini mavazi, maungo ya watu yaacheni.

---

BintiMawimbi

Kaka zangu, mnazungumza kana kwamba tatizo linaishia majini. Sisi tunaowatazama, mtake msitake, tatizo letu liko nje ya maji.

Ndani ya maji na hatua chache ukingoni, chupi ni kitendea kazi na hakuna mwenye akili timamu anayeikodolea macho. Ila mtu anatoka, chupi inachuruzika, anakwenda kusimama foleni ya chakula, kichwa cha mtoto wa mtu kiko usawa wa kiuno chake. Hapo ndipo panakera, na kukera huko hakutegemei chupi ni ya rangi gani. Mgeni wa kule mezani hakuja kuogelea.

Mstari wangu mimi: ukivuka sehemu ya viti vya ukingoni, funika kiuno. Taulo la sm 70 kwa 140 linazunguka wengi wetu na kubaki na mkunjo wa kiganja kimoja. Lipindue ukingo wa juu mara mbili, pembe uichomeke upande wa nyonga, siyo mbele, maana mbele linafunguka ukipiga hatua. Au vaa bukta kavu juu ya chupi, kazi ya sekunde kumi.

Na mkikaa, kaeni vizuri. Mwanamke anafundishwa kukaa tangu utotoni, nyie mnajiachia tu na bukta zenu pana.

---

Mkia_wa_Pweza

@BintiMawimbi naunga mkono hoja ya mezani. Ila hiyo ya mstari wa viti ni ngumu ufukweni, hakuna viti wala mlango. Bahari ni wazi.

---

BintiMawimbi

Ufukweni mpaka ni mchanga. Mchanga ukiisha, ikaanza njia, barabara au kibanda cha mtu, vaa. Siyo ngumu.

---

Abu_Safina

Assalaam alaykum wakuu. Naona kundi moja limesahaulika, wanaotaka kusitiri aura (sehemu ya mwili ambayo dini inataka ifunikwe) na bado waogelee kweli, siyo kukaa kwenye ngazi na kulowanisha miguu.

Kwa wanazuoni walio wengi aura ya mwanaume ni baina ya kitovu na goti. Wahanafi wanaliingiza goti lenyewe. Kuhusu paja khilafu (tofauti ya wanazuoni) ipo na sitaki kuufungua mjadala huo hapa. Nazungumzia namna ya kuvaa kwa anayeshika kauli hiyo ya wengi.

Kosa kubwa liko juu, kwenye kitovu, na watu wanapima chini tu. Kaptura nyingi za ufukweni zimekatwa zikae nyongani, kiuno chake kiko sm kadhaa chini ya kitovu. Mtu kafunika magoti yote mawili na tumbo la chini liko wazi. Dawa yake ni kaptura ya kiuno cha juu au fulana ya kuogelea. Fulana ikiingia majini inaelea na kupanda hadi kifuani, kwa hiyo tafuta ile yenye kijitanzi ndani ya pindo la mbele. Kijitanzi hicho kinapitishwa kwenye kamba ya kaptura kabla ya kufunga fundo. Kama haina, fundi anakishona kwa dakika chache: utepe wa sm 6 uliokunjwa mara mbili.

Chini, kaptura inayogusa goti ukiwa umesimama itapanda ukikaa na itapanda zaidi ukipiga mateke majini. Ama ishuke chini ya goti sm 5 au zaidi, ama vaa tait ndani yake. Tait peke yake inafunika ngozi lakini inachora paja, na wengi wanachukizwa na hilo, basi kaptura juu yake. Uzito unaongezeka, kwa hiyo kitambaa kiwe polyesta nyepesi inayokauka haraka, na mifuko iwe ya neti ili maji yatoke. Mifuko ya kitambaa kizima inajaa maji na kukuvuta kama nanga.

Kwenye mabwawa yanayokataza kaptura pana, uliza kwanza kama tait hadi chini ya goti pamoja na fulana ya kubana inakubalika. Mengine yanakubali, mengine hapana, na kubishana mlangoni na kijana wa tiketi hakubadilishi ubao.

---

Mzunguko_Huru

@Abu_Safina shehe, umegusa fulana, niongeze faida yake nyingine. Kitambaa kilichoandikwa UPF 50 kinapitisha sehemu 1 tu kati ya 50 ya mionzi ya jua inayounguza, yaani asilimia 2. Fulana nyeupe ya pamba iko mbali sana chini ya hapo, na ikilowa inazidi kudhoofika. Kwa upande wa pili, wanaovaa chupi wajue kwamba ngozi ya juu ya paja na chini ya kiuno haijawahi kuona jua na inaungua kabla ya mabega. Mafuta ya jua yapakwe hadi ndani ya ukingo wa vazi, sm 2 hivi, kwa sababu vazi linahama. Rudia kila baada ya saa mbili, na kila ukishajifuta kwa taulo.

---

Neti_Imenikera

Wakuu, swali. Neti ya ndani ya bukta inakwaruza mapaja. Naweza kuikata niitupe?

---

SindanoNaUzi

Unaweza, ila jua unachokiondoa. Neti ndiyo inayoshika maungo yasihame ukikaa. Ukiikata, ile bukta inakuwa ndiyo bukta ya mwanya aliyoisema mleta mada. Ukishaikata, vaa chupi ya kuogelea au boksa ya nailoni ndani, siyo ya pamba, umesikia sababu za mwokoaji hapo juu.

Kabla ya kukata, chunguza kama tatizo ni neti au ni mshono. Mara nyingi kinachokwaruza ni lastiki ya mguu wa neti iliyokauka na kuwa ngumu kwa klorini. Mafuta mazito ya mgando mapajani yanasaidia kwa matumizi ya siku moja.

Neti iliyochakaa ina hatari nyingine watu wanaona haya kuitaja: matundu yake yakipanuka, ngozi laini ya sehemu za siri inaweza kunasa kwenye tundu na kuvimba. Ikitokea, usivute bukta. Mkasi unapita nje, unakata neti kuzunguka pale iliponasa na kuacha kipande kidogo, kisha mafuta na utaratibu. Kisipotoka, nenda hospitali na kipande chako. Ukiona tundu linaloingiza ncha ya kidole kidogo, neti hiyo imekwisha kazi.

Ukiamua kukata, pita mm 3 kutoka kwenye mshono wa mkanda, usiuguse mshono wenyewe, vinginevyo mkanda utafumuka.

---

Neti_Imenikera

Asante fundi. Na bitana ya mbele inaweza kuongezwa kwenye chupi isiyokuwa nayo? Ninayo ya buluu ya anga, sasa naogopa kuivaa.

---

SindanoNaUzi

Inawezekana, na ni kazi ya chini ya saa moja kwa mwenye cherehani ya zigizaga.

Chukua kitambaa cha bitana cha kuogelea, kinachonyumbuka pande zote nne, rangi ya ngozi yako au rangi ya vazi. Usichukue nyeupe, utaongeza tatizo. Laza chupi mezani, weka karatasi juu ya kipande cha mbele na uchore umbo lake kutoka mkanda hadi mshono wa msamba. Ukikata bitana, punguza mm 5 kila upande wa mguu. Bitana ikiwa sawa na vazi au kubwa kuliko vazi, inajikunja ndani na mikunjo inaonekana nje, halafu watu watadhani ni kitu kingine. Hakikisha upande unaonyumbuka zaidi unakwenda upana, kutoka nyonga hadi nyonga.

Shikiza kwa vibanio, siyo pini. Pini zinatoboa na tundu linaanza kukimbia kama soksi ya nailoni. Sindano iwe ya ncha ya mviringo namba 75, uzi wa polyesta. Uzi wa pamba unaoza kwa klorini, na uzi wa nguvu wa viatu unakata kitambaa. Zigizaga upana mm 2.5 hadi 3, urefu mm 2.5. Mshono wa kawaida ulionyooka usiutumie popote, kitambaa kikinyooka uzi haunyooki nacho, unakatika siku ya kwanza ukichuchumaa.

Anza kushona kwenye mkanda, shuka pande za miguu ukifuata juu ya mshono wa lastiki uliopo, malizia msambani. Usiache upande wa chini wazi, mchanga wa ufukweni utaingia na kukaa humo kama mfuko. Kama lastiki ya mguu imechoka, ibadilishe wakati huo huo: upana mm 8 hadi 10, na urefu wake uwe asilimia 85 hadi 90 ya mzunguko wa tundu la mguu. Ukikata fupi zaidi ya hapo inakata paja na nyama inafura pembeni. Ukiacha ndefu, mwanya unarudi.

Nyuma ya buluu ya anga bado haitakuwa na bitana. Ilowanishe, fanya jaribio la kiganja. Kama inapenyeza, hiyo chupi ni ya kuvaliwa ndani ya bukta, basi.

---

Kigoda

Swali la aibu kidogo. Maji ya baridi na maji ya moto... mwili una tabia zake. Mtu afanyeje?

---

Mzunguko_Huru

Baridi inapunguza, haiumizi mtu na hakuna anayepima. La pili linatokea bila mtu kuwaza lolote, hasa kwa joto na mtikisiko wa maji ya bomba za pembeni. Bitana kamili ya mbele na kitambaa kizito vinalifanya lisionekane sana. Zaidi ya hapo, baki majini usawa wa kifua, ogelea mita 100 kwa nguvu, damu itapata kazi nyingine kwenye misuli. Taulo liwe karibu na ngazi, siyo upande wa pili wa bwawa. Anayetoka na kujionyesha makusudi hilo ni jambo jingine, na hapo mwokoaji ana haki ya kumtoa hata kama kavaa hadi kwenye vifundo.

---

Zamu_ya_Mwokoaji

Sahihi. Tunaangalia mwenendo. Kipimo cha rula hatuna.

---

Mkia_wa_Pweza

Mimi bado sijashawishika. Hata ikiwa nene, nyeusi, yenye bitana, chupi ya upande wa sm 3 ni ndogo mno kwa mahali penye familia. Tusijifanye umbo halionekani.

---

Bwawa25

@Mkia_wa_Pweza hapo hatugombani sana. Sm 3 ni za kuota jua na za warukaji. Kwa bwawa la watu wote mimi ningeanzia sm 7, mkanda ukae sm 5 au 6 chini ya kitovu, nyuma ifunike makalio yote hata ukiinama. Asiyetaka umbo lake lionekane achukue boksa ya kitambaa kizito, au bukta ya mguu wa sm 15 hivi yenye neti nzima na inayobana kidogo pajani. Ninachokataa ni kumwambia mtu "vaa bukta yoyote ile" kisha tujione tumemsitiri.

Na ukubwa usichukue kwa kiuno pekee. Pima nyonga pale palipojaa zaidi, maana kitambaa kikilowa kinalegea. Kikavu kishike bila kuacha alama nyekundu, na vidole viwili vipite kwenye mkanda. Vikipita vinne, chukua saizi ya chini.

---

Neti_Imenikera

Na vazi lililokuwa zito mwanzoni, mbona baada ya muda linaanza kupenyeza nyuma?

---

SindanoNaUzi

Spandeksi, ule uzi unaokipa kitambaa mnyumbuko, inakufa. Klorini inaula uzi huo, joto linaharakisha, na maji ya moto ya nyuzi 38 hadi 40 yenye dawa ndiyo yanayomaliza vazi mapema zaidi. Kwenye makalio unaongeza msuguano wa ukingo wa zege. Dalili ya kwanza ni vijinywele vyeupe vinavyong'aa juu ya kitambaa, hizo ni nyuzi za spandeksi zilizokatika. Ya pili ni mkanda kubaki umenyooka baada ya kuuvuta.

Kulirefushia maisha: lilowanishe kwa maji safi kabla ya kuingia bwawani, kitambaa kilichokwisha kushiba hakinywi klorini nyingi. Ukitoka, lisuuze papo hapo, usilifunge kwenye mfuko wa plastiki hadi jioni. Sabuni kidogo, maji baridi, kwa mkono. Usilisokote, lilaze kwenye taulo na ulikunje pamoja nalo ulikamue hivyo. Lianike kivulini. Polyesta ya PBT isiyo na spandeksi inavumilia klorini muda mrefu zaidi, ila inanyumbuka kidogo, basi saizi ichaguliwe kwa makini.

Kila mwanzo wa mwezi linyooshe mbele ya dirisha lenye mwanga. Ukiona fremu ya dirisha kupitia sehemu ya nyuma, lishushe daraja liwe la kuvaliwa ndani.